Mvua Bila Daftari: Tujifunze Kusoma Hesabu za Tabianchi ya Nchi Yetu



Kiangazi kinapoelekea mwisho, mazungumzo huwa yale yale sokoni, mtoni na kwenye foleni ya kinu. Mvua itaanza lini? Nani amekwisha kupanda? Nani alipanda mapema mwaka uliopita, jua likarudi, mbegu zikafia udongoni? Mmoja anasema mvua za siku hizi zimepungua. Wa pili anasema hapana, zimezidi, kwani maji yameingia mpaka jikoni kwake. Wa tatu anasema mvua ni ile ile, ila imebadili saa zake. Kisha radio inafunguliwa na tunasikia maneno makubwa: mabadiliko ya tabianchi, wastani, nyuzi joto, milimita. Tunatikisa kichwa, tunarudi kwenye bukari yetu, na swali linabaki pale pale: nipande leo au ningoje?

Juma hili tumetaka kuyafungua maneno hayo moja moja, kwa sababu yanatuhusu sisi kabla ya mtu mwingine. Mbegu zikipotea, anayetafuta mbegu nyingine ni mama. Maji yakiingia nyumbani, anayebeba watoto na sufuria ni mama. Kolera ikifika, anayekesha na mgonjwa ni mama. Basi na hesabu zinazoeleza mambo hayo zisiwe siri ya wakubwa wa Kinshasa.

HALI YA HEWA NI YA LEO, TABIANCHI NI YA MIAKA

Tuanze na maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Hali ya hewa ni kile kinachotokea leo au juma hili: mvua ya jana jioni, jua la leo mchana, upepo uliong'oa bati la jirani. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo ya hewa kwa miaka mingi.

Mfikirie mtoto. Akilia leo, huwezi kusema ni mtoto wa kulialia. Pengine ana njaa au jino linatoka. Ili useme tabia yake ikoje, umeishi naye, umemwona akicheka na akikasirika, mwaka hata mwaka. Mvua nayo ni hivyo. Wataalamu wa hali ya hewa duniani wamekubaliana kwamba ili kusema tabia ya mahali ikoje, ni lazima kutazama miaka 30. Kwa sasa wanalinganisha na kipindi cha mwaka 1991 hadi 2020. Mwaka mmoja wa ukame hautoshi kusema tabianchi imebadilika, na mwaka mmoja wa mvua njema hautoshi kusema hakuna kilichobadilika.

Ndiyo maana bibi mwenye miaka 70 ana kitu cha kutufundisha. Ameona zaidi ya miaka 30. Lakini hata yeye kichwa chake hukumbuka zaidi mwaka wa maafa na mwaka wa neema; miaka ya katikati hujichanganya. Kumbukumbu ya mtu ni nzuri, ila inahitaji mwenzake, ambaye ni maandishi.

MILIMITA NI NINI?

Radio ikisema "imenyesha milimita 25", maana yake si ngumu. Tandika mkeka wenye urefu wa metre moja na upana wa metre moja. Kama maji ya mvua yangebaki juu ya mkeka huo bila kupotea, yangefikia kimo cha milimita 25, yaani sentimita mbili na nusu. Na hapa kuna siri nzuri ya kukumbuka: milimita moja ya mvua juu ya metre moja ya mraba ni litre moja ya maji. Milimita 25 ni litre 25 juu ya mkeka ule.

Sasa ipeleke hesabu hiyo nyumbani. Una nyumba ya bati yenye urefu wa metre 6 na upana wa metre 5. Hiyo ni metre za mraba 30. Mvua moja ya milimita 25 inamwaga juu ya bati lako litre 750. Gawanya kwa bidoni ya litre 20: ni bidoni 37 na nusu. Hata kama nusu itapotea kwa kurukaruka na kuvuja, bado ni safari nyingi za mtoni ambazo binti yako asingezifanya. Kumbe milimita ya radio ni maji ya kufulia, ya kuoshea vyombo na ya kumwagilia lengalenga.

Katika sehemu hizi zetu za Katanga ya zamani, mvua huanza karibu na mwezi wa Oktoba na kukoma kuelekea Aprili. Kwa mwaka mzima mara nyingi hupita milimita 1,000. Ni mvua nyingi. Tatizo letu mara nyingi huwa ni siku gani inanyesha, inanyesha kwa nguvu gani, na inakatika kwa muda gani kabla ya kurudi.

WASTANI UNAWEZA KUFICHA NJAA

Neno la pili la radio ni wastani. Mama wa sokoni analijua bila kuliita jina. Ukiuza samaki siku tatu, leo 10,000, kesho 20,000, kesho kutwa 30,000, unajumlisha zote na kugawa kwa tatu: wastani ni franka 20,000 kwa siku.

Lakini wastani unaweza kuficha mambo. Tuchukue mfano wa vijiji viwili, mfano wa kufundishia tu. Kijiji cha kwanza kinapata milimita 900 mwaka wa kwanza, 1,100 mwaka wa pili na 1,000 mwaka wa tatu. Kijiji cha pili kinapata 400, kisha 1,600, kisha 1,000. Jumla ni sawa, na wastani wa vijiji vyote viwili ni milimita 1,000. Mtu wa ofisini akitazama wastani peke yake, atasema vijiji hivi ni ndugu. Lakini katika kijiji cha pili mama alikosa mahindi mwaka wa kwanza na alibomokewa na nyumba mwaka wa pili.

Kwa hiyo tunaposikia kwamba "mvua ya mwaka haikubadilika sana", tuulize zaidi. Ilikuja kwa siku ngapi? Ilianza lini? Ilikatika kwa siku ngapi katikati ya mahindi kutoa maua? Mwaka unaweza kuwa na mvua ya kutosha kwenye karatasi na njaa kwenye sahani.

DAFTARI LA TAIFA LINA KURASA TUPU

Je, nani anapima mvua ya Kongo? Kazi hiyo ni ya shirika la taifa la hali ya hewa linaloitwa METTELSAT, lenye makao yake Kinshasa. Zamani, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, kulikuwa na vituo vingi vya kupimia. Mwaka 1933 iliundwa taasisi ya kilimo ya INEAC, ambayo kituo chake kikubwa kilikuwa Yangambi, karibu na Kisangani. Watumishi wake, na wengi wao walikuwa Wakongo, waliandika kila siku mvua na joto kwa mkono katika karatasi. Ilikuwa ni kwa ajili ya mashamba ya pamba, mawese na kahawa, lakini hesabu zenyewe zimebaki kuwa mali. Katika miaka ya karibuni watafiti wamekuwa wakizipiga picha karatasi hizo zilizohifadhiwa Ubelgiji na kuziingiza katika kompyuta, ili zisomwe upya.

Baada ya uhuru wa 1960 vituo vingi vilinyamaza. Vifaa viliharibika bila kubadilishwa, mishahara ilikatika, vita vilipita. Nchi yetu ni kubwa kupita Ufaransa mara nne hivi, lakini vituo vinavyopima bila kukatika ni vichache mno. Vyombo vya angani, yaani satelaiti, vinasaidia kukadiria mvua kwa kutazama mawingu toka juu. Ila satelaiti ni kama mtu anayetazama moshi wa jiko toka mbali na kukisia kama chakula kimeiva. Ni lazima mtu wa chini afunue sufuria na kusema ndiyo au hapana. Mtu huyo wa chini ni kipimo cha mvua.

Ubaya wa kurasa tupu tuliuona Kivu ya Kusini. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilijaza mito ya Kalehe, maji yakashuka na mawe mpaka Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Kati yao walikuwa mama waliotoka asubuhi na mizigo yao ya kuuza. Wataalamu wa kimataifa ambao kazi yao ni kuchunguza kama maafa fulani yametokana na mabadiliko ya tabianchi walilitazama jambo hilo. Katika nchi nyingine huwa wanatoa jibu. Kwa Kalehe walisema hawawezi: takwimu za mvua za eneo lile ni chache mno na hazikubaliani. Watu wetu walikufa, na dunia haikuweza hata kueleza mvua iliyowaua ilikuwa ya ajabu kiasi gani.

Vilevile mwaka 2021, jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa, IPCC, lilitoa ramani ya dunia ikionyesha wapi mvua kubwa zimeongezeka. Sehemu nyingi zilipata jibu. Afrika ya Kati, yaani sisi, tuliwekwa katika fungu la mahali ambapo habari hazitoshi. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mvua nayo ni mali.

MAMBO AMBAYO HAYANA SHAKA

Hayo hayana maana kwamba hatujui lolote. Yako mambo yamepimwa kwa uvumilivu mpaka hayana ubishi.

La kwanza ni hewa yenyewe. Mwaka 1958 mwanasayansi Charles Keeling alianza kupima hewa ya kaboni juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Hewa hiyo ndiyo inayotoka kwenye petroli, makaa ya mawe, viwanda na misitu inayochomwa, na kazi yake angani ni kama blanketi: inazuia joto lisitoke. Alipoanza, alikuta sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Leo zimepita 420. Daftari la mlima mmoja, lililoandikwa bila kuchoka, limeifundisha dunia nzima.

La pili ni joto. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa. Dunia ilikuwa imepanda kwa karibu nyuzi moja na nusu kupita joto la zamani, kabla ya viwanda kuenea. Nyuzi moja na nusu inaonekana ndogo. Lakini mwili wa mtoto ukipanda kutoka 37 hadi 38 na nusu, mama yake halali. Na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo inapoamua kumwaga, inamwaga kwa nguvu.

La tatu ni mto wetu. Maji yanayopita chini ya daraja la Bukama ni Lualaba, na Lualaba ndiyo mwanzo wa Mto Kongo; maji hayo hayo yatafika Kinshasa. Kule mto umepimwa tangu mwanzo wa karne ya 20, na rekodi kubwa ni ya mwaka 1961, metre 6.26 kwenye kipimo cha Kinshasa. Mwezi wa Januari 2024 mto ulifika metre 6.20, ukiikaribia rekodi hiyo ya zaidi ya miaka 60. Tunaweza kusema maneno haya kwa uhakika kwa sababu kuna watu waliosimama kando ya mto mwaka 1961 na kuandika.

Na msimu ule ule, jirani zetu wa Zambia walikuwa wakilia ukame. Tarehe 29 Februari 2024 serikali yao ilitangaza kwamba ukame ni janga la taifa, mahindi yakiwa yamekauka mashambani. Sisi wa Katanga tunajua maana yake, kwani unga mwingi unaoliwa Lubumbashi na Kolwezi hutoka huko. Msimu mmoja, mto unafurika upande mmoja na mahindi yanakauka upande wa pili. Ndiyo sababu si busara kubishana kama mvua "imeongezeka" au "imepungua" bila kusema ni wapi na ni lini.

Na nani ameisababisha hali hii? Mkongo mmoja, kwa petroli na makaa ya mawe anayotumia kwa mwaka, hutoa hewa ya kaboni isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya tani. Mmarekani mmoja hutoa tani zaidi ya 13. Hatukuliwasha jiko hili, lakini moshi wake unatufikia. Tunachoulizwa sisi kwa haki ni misitu, kwa kuwa Kongo ni kati ya nchi zinazopoteza msitu mwingi zaidi duniani kwa ajili ya mashamba na makala. Hata hapo, mama anayepikia makala hana umeme wa kuchagua.

SI KILA MAFURIKO NI YA TABIANCHI

Tuwe wakweli pia kwa upande wa pili. Bukama iko mlangoni mwa bonde la Upemba. Chini yetu kuna maziwa ya Upemba, Kisale na mengine, na mabwawa ya mafunjo yasiyohesabika. Bonde hili limekuwa likijaa na kupungua tangu kale. Maji yanapopanda na kuingia majanini, samaki hutaga. Bila maji ya mafuriko, mama muuza samaki wa Kinkondja angekuwa na kapu tupu. Kujaa kwa mto si ugonjwa. Ugonjwa ni mto kujaa kupita kiasi, wakati usiotazamiwa, na kukuta nyumba mahali palipokuwa pa maji.

Kwa hiyo maji yakiingia nyumbani, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kusema "ni tabianchi". Je, mvua ilikuwa kubwa kweli, hapa au huko juu? Je, miti ya ukingoni ilikatwa, udongo ukaporomoka na kujaza mto? Je, mabwawa ya umeme yaliyo juu ya mto, kama Nzilo lililojengwa miaka ya 1950 karibu na Kolwezi, yalifungua maji? Je, mtaro wa mtaa ulizibwa na taka? Je, tulijenga katika bonde kwa sababu kiwanja kilikuwa bei rahisi? Mara nyingi jibu ni mchanganyiko wa mambo mawili matatu. Lawama yote tukiitupia tabianchi, hakuna atakayezibua mtaro.

DAFTARI NA KOLERA

Kuna sababu nyingine ya kuandika, nayo ni afya. Maeneo yanayozunguka maziwa yetu, Bukama, Kinkondja, Mulongo, Malemba-Nkulu, yanajulikana na waganga kuwa ni makao ya kolera. Ugonjwa huu hupenda maji: visima vinapofunikwa na mafuriko, vyoo vinapofurika, uchafu huingia katika maji ya kunywa. Kiangazi nacho kina hatari yake, watu wote wanapochota katika dimbwi moja.

Kikundi cha mama kinachojua kwamba mto unapanda tangu siku nne kinaweza kujiandaa: kuchemsha maji au kutia dawa, kuhamisha akiba ya unga, kuweka sukari na chumvi karibu. Tukumbushane dawa ya nyumbani kwa anayeharisha wakati anapelekwa kituoni: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anyweshwe kidogo kidogo bila kuacha. Kisha kituo cha afya, upesi, maana kolera huua kwa saa chache.

NAMNA YA KUANZA DAFTARI LETU

Vikundi vyetu vya likelemba vinajua kuandika. Kila juma tunaandika nani ametoa, nani amepokea, na ole wake anayekosea. Uaminifu ule ule unatosha kwa mvua. Mahitaji ni chupa, rula ya shule, kalamu na daftari.

Chukua chupa ya plastiki iliyonyooka pande zote, ya litre moja na nusu au mbili. Kata sehemu ya juu, uigeuze kichwa chini, uiweke ndani kama mrija wa kumiminia, ili mvua iingie na jua lisinyonye maji upesi. Chini tia mawe madogo ili upepo usiiangushe, kisha mimina maji mpaka yapite mawe na sehemu iliyopinda. Piga alama hapo: hiyo ndiyo sifuri. Juu ya sifuri bandika rula au chora milimita.

Funga chupa kwenye mti uliosimikwa, karibu metre moja juu ya ardhi, mahali pa wazi. Usiiweke chini ya mwembe wala chini ya bati. Nyumba yenye kimo cha metre 3, kaa nayo mbali angalau metre 6. Wakataze watoto kuichezea, au afadhali zaidi, mpe mtoto mkubwa kazi ya kuisoma, atajifunza hesabu.

Soma kila siku saa ile ile, kwa mfano saa moja asubuhi. Andika tarehe na milimita, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Isiponyesha, andika 0. Wengi hukosea hapa, huacha mstari mtupu. Mstari mtupu unaweza kuwa na maana kwamba haikunyesha, au kwamba mwandishi alikuwa msibani. Sifuri ni habari. Mstari mtupu ni shimo.

Ongeza safu ndogo ya maelezo: "mvua ya mawe", "jirani amepanda mahindi", "maji yamefika njia ya soko", "bei ya kipimo cha unga imepanda". Baada ya miaka michache maneno hayo yatakuwa na thamani kama milimita zenyewe.

Kwa mto, kikundi kilicho karibu na maji kisimike mti mrefu wenye alama kila sentimita 10, mahali ambapo mkuu wa mtaa amekubali. Waulizeni wazee: mwaka ule maji yalipoingia nyumbani, yalifika wapi? Pigeni alama nyekundu. Chini yake pigeni alama ya tahadhari, ambayo maji yakiifikia kila nyumba ya bondeni inapewa habari. Asiende mtoto peke yake kusoma, wala mtu asiende usiku. Mamba na viboko hawana kalenda.

Na kupanda je? Mvua moja ya kwanza baada ya kiangazi mara nyingi hudanganya. Kipimo kinachotumiwa na wakulima wengi ni kungoja angalau milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu, udongo ukiwa umelowa mpaka chini na si juu tu. Hata hapo, usimalize mbegu zote. Panda sehemu, nyingine uiache kwa majuma mawili yanayofuata, ili jua likirudi usibaki mikono mitupu. Daftari la miaka mitatu minne litakuonyesha ni mara ngapi mvua ya Oktoba ilikuja na kukimbia.

Nakala ya kurasa, kila mwisho wa mwezi, ipelekwe shuleni, kwa mkaguzi wa kilimo na kituo cha afya. Vikundi vya mitaa mbalimbali vikilinganisha, tutaona kama mvua iliyonyesha mjini ilifika Luena pia. Chupa yetu si chombo cha METTELSAT, lakini daftari lililoandikwa kila siku bila udanganyifu ni msingi ambao mtaalamu yeyote atakayefika hapa atautamani.

MASWALI MATANO YA KUIULIZA RADIO

Mama akisikia hesabu yoyote ya tabianchi, na aiulize hivi:

1. Ni ya wapi? Ya Kinshasa, ya Kongo nzima, au ya kwetu?
2. Ni ya muda gani? Siku moja, msimu mmoja, au miaka 30?
3. Inalinganishwa na nini? "Zaidi" kuliko lini?
4. Imepimwa au imekadiriwa? Kwa chombo cha ardhini au kwa satelaiti?
5. Inanitaka nifanye nini shambani, nyumbani au sokoni?

Hesabu isiyojibu swali la tano si lazima iwe ya uongo, lakini bado haijafika kwa mama.

KABLA YA MKUTANO UJAO

Wazee wetu Waluba hawakuwa na daftari la karatasi, lakini hawakuacha mambo yapotee. Walikuwa na lukasa, ubao uliopambwa kwa shanga, na mwenye elimu aliugusa kwa kidole akisimulia habari za wafalme na za safari, shanga kwa shanga. Walijua kwamba kichwa peke yake husahau. Sisi tuna kalamu, watoto wetu wanajua rula, na chupa tupu zimejaa barabarani.

Kila kikundi kije mkutano ujao na mambo matatu: chupa moja iliyokwisha kupigwa alama, jina la msomaji na la msaidizi wake atakaposafiri au kujifungua, na mwaka mmoja wa mafuriko au wa njaa uliokumbukwa na bibi wa mtaa, pamoja na kitu cha kuuthibitisha: mtoto aliyezaliwa, arusi, au nyumba iliyoanguka. Tutaandika yote katika ukurasa wa kwanza. Kuanzia asubuhi itakayofuata, saa moja, ukurasa wa pili utaanza, hata kama cha kuandika ni sifuri.